Misri ya Mwalimu

Kifurushi kililetwa na binti yake siku tisa baada ya mazishi ambayo sikuhudhuria. Taarifa niliipata mapema. Niliombwa hata nizungumze kwa niaba ya wanafunzi wake wa kwanza, nikajibu kwamba magoti yananiuma. Magoti yananiuma kweli, lakini siku ya mazishi nilikwenda nayo sokoni na kurudi mara mbili, ili nionekane.

Binti huyo anaitwa Kendi, mama mtu mzima mwenye mvi zake. Aliketi kwenye kiti changu cha plastiki hapa mtaani Bulla Pesa, akaikataa chai, kisha akainywa. Alisema baba yake, yaani mwalimu wangu wa zamani, aliacha maagizo kwamba kitu hiki nipewe mimi mwenyewe, mkononi. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti, na ndani ya gazeti mlikuwa na kitambaa cha shati kuukuu. Kabla sijakiona, nilikinusa. Udongo wa mto wetu una harufu yake, ya majani yaliyooza na kutu, na hata ukikauka miaka na miaka, ukiupumulia kwa karibu unaamka. Nilivuta pumzi moja tu, nikawa tena mtoto wa miaka kumi mwenye njaa na hasira. Njaa iliisha. Hasira sijawahi kuitua.

Wenzangu wa rika langu mnaijua ile miaka. Sisi Waborana tunaiita daba, na maana ya neno hilo ni kusimama, kama mtu aliyezuiwa njiani asiende mbele wala asirudi nyuma. Serikali ilikuwa ikipigana na shifta, waasi wa kaskazini, na kwa kuwa haikuweza kumtambua shifta kwa sura, iliona heri kila mfugaji awe shifta mpaka athibitishe vingine. Tulikusanywa sisi na mifugo yetu, tukaingizwa kambini kando ya mto, chini ya mji wa Isiolo, tukazungushiwa seng'enge. Mnyama aliyeonekana mbali na kambi alikuwa mnyama wa shifta, na dawa yake ilikuwa risasi. Waliobaki karibu walikula nyasi mpaka zikaisha, wakala matawi ya kuezekea nyumba zetu, kisha wakaanza kulala na kutoamka. Ng'ombe akisimamishwa mahali pamoja hufa. Hilo mtoto wa mfugaji hulijua kabla hajajua kuvaa kiatu.

Humo kambini ndimo nilimopatia shule. Ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, bila ukuta, na mwalimu mmoja. Alikuwa kijana kutoka mlimani, upande wa Meru, kwenye watu ambao shamba lao linakaa na wao wanakaa nalo. Shati lake lilikuwa jeupe kila siku, sijui alilifulia wapi. Alitufundisha hesabu na kusoma kama wanavyofundisha walimu wote, lakini historia aliifundisha kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Alishona magunia yakawa kitambaa kikubwa, akachora juu yake mito minne kwa rangi ya buluu: Nili, ile miwili ya Babeli, na mwingine wa India. Alitwambia kwamba hapo kale wanadamu wote walikuwa watu wa kuhamahama, wakiwinda na kuchunga, mpaka baadhi yao wakafika kwenye bonde la mto wakasimama. Waliposimama walipanda mbegu. Wakajenga ghala, wakajenga ukuta, wakapata mfalme na askari, na karani wa kuandika majina ya watu. Hapo, alisema akigonga gunia kwa fimbo, ndipo ustaarabu ulipoanza.

Nilitazama nje. Mto ule pale. Ukuta ule pale, ingawa ni wa seng'enge. Ghala ni lile hema tunalogawiwa unga wa manjano. Askari hao, na karani yule langoni na kitabu chake cha majina. Hapakukosekana kitu. Tena Mwalimu alisema watu walisimama, na nyumbani kila siku nilisikia wazee wakilia daba, daba, kusimama, kusimama. Nilishangaa kwamba wazee wetu hawajaelewa. Nilikimbia nikamwambia Abba, baba yangu, asihuzunike tena, kwa sababu hatukufungwa, tunaanza ustaarabu.  Akasema nimuulize mwalimu wangu kama hao watu wa Misri walikuwa na ruhusa ya kutoka. Nikamuuliza. Mwalimu akacheka kwa upole, akaniuliza watoke waende wapi, na mto wanao. Alikuwa mtu wa kanisa, kila Jumapili alisoma habari za Musa, lakini nadhani ikifika Jumatatu alikuwa ameshamsahau.

Misri alituanzishia kweli. Chini ya ukingo wa mto kulikuwa na uwanda wa udongo mweusi, na kwa kuwa serikali ilimruhusu, alitupeleka wanafunzi tukachimba mfereji, tukapanda sukuma, vitunguu, na nduma alizoleta kwao. Alipaita Misri yetu. Pembeni alijenga kibanda cha miti, akaweka humo majembe, sanduku lake la vitabu, na lile gunia la mito minne, maana shuleni mbuzi walikuwa wakila karatasi. Kila Ijumaa alitufungia kila mmoja majani ya kupeleka nyumbani. Nasema haya ili nisije nikaambiwa nimemsingizia mtu. Hakuwa mkorofi. Aliwahi kunipiga mara moja tu, na nilistahili. Lakini alikuwa na neno lake moja alilolirudia akiinama juu ya vitunguu, kwamba watu wasiokaa mahali hawana historia, kwa maana hawana pa kuiweka. Na neno la pili, ambalo nitalibeba mpaka kaburini, kwamba kitu kilichoandikwa hakipotei.

Sasa mjue kuhusu ng'ombe wetu. Kambini watu walijua kwamba Abba amebaki na mbuzi tu. Ukweli ni kwamba kabla hatujaingizwa, aliwapeleka ng'ombe saba Leparua, kwa rafiki yake Mturkana aitwaye Ekiru, aliyekuwa amegawana naye maji na malisho tangu ujana wao. Askari hawakuwa na haja kubwa na Waturkana siku hizo. Ekiru aliwachanganya ng'ombe wetu na wake, na yeyote aliyewaona aliona ng'ombe wa Ekiru, isipokuwa awe mtu anayejua kusoma paja la ng'ombe. Kila baada ya wiki chache mtu wa kuuza kuni alipita karibu na seng'enge akamwambia Abba kwamba wageni wake wanakula vizuri, na siku hiyo Abba alikunywa chai kavu kama mtu anayekunywa maziwa. Mpango ulikuwa huo tu. Daba ikiisha, tutatoka kwa miguu yetu tukiwa na ng'ombe saba mbele yetu, na tutakuwa watu tena. Niliambiwa nisiseme. Sikusema. Niliandika.

Ilikuwa siku ya somo la Babeli. Mwalimu alisema watu wa huko waliandika juu ya udongo mbichi, akatutuma mtoni tuchukue udongo, tuufinyange kama mkate, na kila mmoja aandike kwa mwiba kitu cha kwao asichotaka kipotee. Wengine walichora kikombe, wengine mbuzi. Mimi sikuwa na shaka. Kama kilichoandikwa hakipotei, basi kazi yangu ni kuwaandika ng'ombe wetu, wasipotee huko waliko. Nilichora chapa yetu, ile iliyochomwa kwenye paja la kila ng'ombe wa nyumba yetu: duara lenye mkia kama kijiko, na vijiti viwili vimesimama ubavuni mwake. Niliichora vizuri mpaka ulimi ukanitoka nje. Mwalimu alifika nyuma yangu akainama.

"Hii ni nini?"

"Ni jina letu, Mwalimu."

"Jina lenu linaandikwa hivi?"

"Kwa ng'ombe, ndio. Kwa paja ya ng'ombe yetu."

"Lakini ng'ombe yenu si ilikufa? Baba yako ako na mbuzi tu."

"Ile ya Leparua haikufa," nikasema.

Nimeyasikia maneno hayo kila siku ya maisha yangu, kwa sauti ile ile nyembamba iliyojaa majivuno.  Mwalimu alikichukua kile kipande kwa mikono miwili akakiweka mezani kwake kikauke.

Siku ya tatu ofisa wa kambi alikuja kukagua shule. Mwalimu, mwenye furaha ya mtu aliyepata mgeni wa kumwonyesha mtoto wake, alikiinua kile kipande akamwambia, kwa masikio yangu haya, kwamba msichana huyu ameandika kama watu wa Babeli, na kwamba hii ndiyo chapa ya kwao. Ofisa alikigeuza. Akauliza kwao ni wapi. Akatoa kijitabu mfukoni na kalamu, akainakili chapa yetu mstari kwa mstari, polepole, hata vijiti viwili. Na mimi mjinga nikatabasamu. Niliona kwamba sasa ng'ombe wetu wameandikwa mara mbili, na kwamba hakuna tena wa kuwapoteza.

Kama Mwalimu alilitaja jina la Leparua, sikulisikia. Wako walionieleza baadaye kwamba doria zilikuwa zikipita Leparua hata hivyo, na kwamba askari wangewapata tu. Wanieleze. Mimi najua kwamba kabla ya kijitabu kile ng'ombe wetu walikuwa hai.

Jumatatu yake Abba aliitwa langoni. Nilimfuata kwa mbali. Juu ya meza ya karani, pale pale kwenye kitabu cha majina, palipangwa vipande saba vya ngozi, kila kimoja ukubwa wa sahani, vimekatwa kwenye paja, na manyoya yake na chapa yake. Kimoja kilikuwa chekundu, cha ng'ombe niliyepewa mimi nilipozaliwa. Ofisa alimuuliza Abba kama anaijua alama ile. Abba angeweza kukana. Alisema ni yake. Walimpiga pale kwa kuificha mali ya shifta, na tulisikia kwamba Ekiru naye alipigwa mpaka akapoteza jicho. Abba hakulia. Alirudi, akaketi mlangoni pa nyumba yetu akitazama upande wa Leparua, na akabaki ameketi. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Chakula alipelekewa hapo hapo.

Akko, ndivyo tunavyomwita bibi, aliuliza kila jioni ni nani aliyewaonyesha askari chapa ya watu. Sikujibu. Nilikuwa na njia mbili, kujichukia mimi au kumchukia Mwalimu. Nilichagua, na sijajuta.

Kilichonimaliza ni kwamba alikuja kutupa pole. Alikuja na mzigo wa sukuma na vitunguu vya Misri yake, akasimama mbele ya Abba, akasema pole mzee, na Abba, mwungwana siku zote, akamshukuru. Watoto walikula mboga zile. Mimi nililala njaa. Nilimtazama akishuka kwenda kwenye bustani yake akiwa na shati lake jeupe, nikaona jinsi anavyopapenda, jinsi anavyogusa majani akipita, kama Abba alivyokuwa akigusa migongo ya ng'ombe. Nikasema moyoni, na wewe utafiwa na hiki. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilitaka aujue ukiwa kwake.

Sikujua nifanye nini. Nilifikiria kuwafungulia mbuzi, lakini mbuzi wangechinjwa. Nikangoja, na kungoja tulikuwa tumefundishwa na kambi.

Wiki tatu baada ya zile ngozi, Akko aliamka akatoka nje, akasimama akinusa. Juu yetu mbingu ilikuwa kavu kabisa, lakini mlimani mawingu yalikuwa yamelala siku ya nne. Sisimizi walikuwa wakipanda ukingo wa mto wakiwa na mayai yao mdomoni. Maji yalikuwa na povu, na juu ya povu yakielea majani ya miti isiyoota huku kwetu. Akko hakuwa amesoma hata herufi moja, lakini mto ule aliusoma. Alimwambia mama apandishe mbuzi. Aliwapitia majirani wote. Kisha akaniita mimi, akanishika bega, akanipa ujumbe na kunifanya niurudie, kama tunavyofanya mtoto akitumwa kwa mtu mzima.

"Mwambie mwalimu wako: Akko anakusalimia, anasema mto utashuka leo, toka pale chini na vitu vyako."

Niliurudia neno kwa neno, akaridhika, nikaenda.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye vitunguu akipalilia. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Alipoona kivuli changu aliinua uso, akafurahi. Tangu habari ya ng'ombe sikuwa nimemsogelea. Aliniuliza kama nimekuja kumsaidia.

"Hapana, Mwalimu. Akko anakusalimia."

Alijifuta mikono kwenye kaptura, akasimama kwa heshima kana kwamba Akko mwenyewe yuko pale. "Mwambie aleikum salaam," akasema, maana alikuwa amejifunza salamu zetu. Kisha akangoja. Sijui aliona nini usoni mwangu, labda aliona kwamba mdomo wangu haujafungika vizuri. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Nikageuka nikapanda ukingo. Sikukimbia. Juu nilichagua mahali pazuri, nikaketi, nikafunika magoti kwa nguo, nikangoja kama mtu aliyeingia sinema.

Jua lilikuwa la utosini wakati mngurumo ulipoanza. Watoto waliokuwa wakicheza walipiga kelele kwamba ni malori ya askari, wakakimbilia majumbani kujificha. Mimi nilijua si malori. Maji yalitokea kwenye kona yakiwa ya kahawia na marefu kuliko mtu, yamebeba miti mizima na mizizi yake, na hakuna tone la mvua lililokuwa limetugusa. Mwalimu aliyasikia kwa wakati. Hili nataka lijulikane, alikuwa na muda wa kutoka, na alitoka, alishafika nusu ya ukingo. Kisha akageuka akarudi kibandani kuchukua sanduku lake. Nilimwona akitoka nalo kifuani na gunia la mito minne begani. Gogo likampiga mguuni akaanguka, na mto mmoja ukaimeza ile minne.

Ninawaambia nilivyohisi, na mnihukumu mkitaka. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni hadi masikioni, nikashika mdomo wangu kwa mikono yote miwili isije ikatoka na sauti.

Halafu mtu alinipita mbio, karibu anikanyage. Alikuwa Abba. Abba aliyekuwa ameketi wiki tatu alikuwa amesimama, ana kamba ya kufungia mbuzi mkononi, na nyuma yake wanaume wawili. Aliingia kwenye yale maji mpaka kifuani, akamshika Mwalimu kwa lile shati jeupe, wakavutwa wote wawili hadi kwenye ukingo. Mguu wa Mwalimu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikuwa akilia, si kwa mguu, alikuwa akiita vitabu vyake. Abba alimketisha, akamwekea kichwa chake kwenye paja lake mwenyewe, akamwambia nyamaza, nyamaza, vitu hurudi. Nilimchukia Abba pia siku hiyo, hadi magharibi.

Chini hapakubaki jani. Hata mfereji ulijaa mchanga, usingejua kwamba Misri iliwahi kuwapo.

Mguu ulipofungwa kwa vijiti, Akko alikwenda kumwona, akanichukua nimbebee birika la chai. Watu walikuwapo, na askari wawili pia. Akko hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimwambia mbele ya wote: "Nilikuonya kwa mdomo wa huyu mtoto. Nyinyi watu wa vitabu hamsikii."

Nilisimama nyuma yake na birika likiniunguza vidole. Mwalimu alinyanyua macho, akanitazama. Nilijua imekwisha, sasa atasema, na Akko atajua, na baada ya hilo la mto litafuata la ng'ombe.

"Ni kweli, mama," akasema. "Sikusikia."

Askari walicheka. Kambi nzima ilicheka mwaka mzima, wakimwita mwalimu aliyeambiwa na mto asisikie. Mimi kwa akili ya mtoto nilifikiri gogo lilikuwa limemgonga na kichwa, amesahau. Nikamshukuru Mungu kwa gogo lile.

Daba iliisha. Wenye wanyama walitoka, wakarudi kwenye malisho yao wakiwa wachache na wamekonda, lakini walitoka. Sisi tusiokuwa na kitu mbele yetu tulifika hapa Bulla Pesa tukakwama. Abba akawa mlinzi wa duka la mtu, akizunguka jengo usiku na rungu, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, mpaka akafa. Mimi niliendelea na shule, kwa Mwalimu huyo huyo, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Nikafaulu. Nikapata kazi ya ukarani, kazi ya kuandika majina ya watu langoni. Chekeni.

Naye alibaki Isiolo miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Nilikuwa nikikutana naye barabarani akichechemea. Alisema, "Habari, msichana wangu," hata nilipokuwa na wajukuu. Nilimjibu nzuri, Mwalimu, kisha nikasimama kumtazama akienda, nikihesabu hatua mbovu mpaka saba. Hatua moja, ng'ombe mmoja. Zikifika saba nilishika njia yangu nikiwa nimeshiba. Hicho ndicho kilikuwa kisasi changu, sikuwa na kingine, na nilikitunza vizuri kuliko watu wanavyotunza dhahabu.

Kisha Kendi akaja na kifurushi. Nilipokifungua nilikuta kile kipande cha udongo, kimekauka, kimepasuka pembe moja, na chapa yetu juu yake. Kilikuwa mezani shuleni, maji hayakukifikia, na Mwalimu alikuwa amekiweka muda wote huo. Kendi alikunywa chai yake yote kabla ya kusema kilichobaki.

"Baba alisema nikuambie neno moja. Mimi sikulielewa. Alisema, mwambie nilijua kwamba alijua."

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi, nikafunga mlango, na nikalia kwa hasira ambayo sikudhani mwili wa umri wangu una nguvu nayo. Kwa hiyo alijua. Alijua siku ile ile, akatazama uso wangu, akasema sikusikia, akajivika kicheko cha kambi nzima ili mimi nisivuliwe nguo mbele ya Akko. Zile hatua saba nilizokuwa nikimwibia barabarani, alikuwa akinipa. Kuna mtu atakayesema huo ni wema. Mimi nasema aliniponyoka. Alichukua ng'ombe wetu, na mwisho akachukua na kisasi chenyewe.

Kipande kile nilitaka kukitupa ndani ya karai la maji kiyeyuke. Nilikuwa nimeshajaza karai. Kilichonizuia ni mjukuu wangu Tume. Ana mitamba wawili, amewaweka Leparua kwa mjukuu wa Ekiru, na tangu mwaka jana ananisumbua nimchoree chapa ya kwetu. Sikuweza. Duara nalikumbuka, mkia naukumbuka, lakini vile vijiti viwili, viko kulia au kushoto? Kulia ni nyumba yetu, kushoto ni ya watu wengine kabisa. Baada ya yale nilijikataza kuichora, nikajikataza mpaka mkono ukasahau, na wote wa kuulizwa wamekufa. Sasa iko mbele yangu, kwa mwiba wa mkono wangu mwenyewe. Viko kulia.

Fundi alitupa chuma baada ya siku mbili. Tulikwenda Leparua na Tume, magoti na yote, na nikamwonyesha jinsi ya kukandamiza bila kusukuma. Mtamba alilia, manyoya yakatoa moshi, na chapa ikasimama pale pajani kana kwamba haikuwahi kuondoka. Tume aliniuliza ni nani aliyetutunzia muda wote huo. Nikamwambia, adui yetu. Akadhani natania.

Juzi nilipanda mlimani. Kendi alinipeleka hadi kaburini, kwenye mteremko uliojaa migomba, juu kabisa, mahali ambapo mto hauwezi kufika hata siku moja, kisha akaniacha peke yangu. Sikubeba maua. Nilisimama kwa heshima kama alivyosimama yeye siku ile kwenye vitunguu, nikausema ule ujumbe kwa lugha niliyopewa, neno kwa neno, kama mtoto aliyetumwa.

Mwalimu, Akko anakusalimia, anasema mto utashuka leo, toka pale chini na vitu vyako.

Ujumbe niliotumwa nimeufikisha. Msamaha sikutumwa.